Mfarishi Usio na Mlango

Hapo zamani, wakati mawe ya Pachani yalipokuwa bado yakizikumbuka nyumba yalimotolewa, walikuwapo wanawake waliowashona wafu na walio hai katika nguo moja.

Msishtuke. Nitaeleza.

Pachani ulikuwa mji uliojengwa kwa mji mwingine. Wenyeji wake waliyakuta magofu ya watu waliowatangulia, wakayabomoa, wakajengea. Kizingiti cha huyu kilikuwa zamani ukingo wa kisima cha yule. Ngazi ya huyu ilikuwa zamani ukuta wa chumba cha yule. Mji mzima ulikuwa kiraka juu ya kiraka. Basi haikuwa ajabu kwamba wanawake wake walikuwa mabingwa wa mfarishi.

Nao mfarishi, kwa asiyeujua, ni nguo ya kujifunika iliyoshonwa kwa nguo nyingine. Kanga iliyochanika, kikoi kilichopauka, doria ya arusi iliyokwisha kusahauliwa: zote hukatwa vipande, vipande vikaunganishwa, katikati pakatiwa sufi, kisha tabaka zote zikashikwa pamoja kwa bandi, mshono ukifuata mshono, hata nguo zilizochakaa zikawa nguo moja isiyochakaa.

Kila mwezi ulipoandama, kesho yake asubuhi, washonaji walikutana katika ukumbi wa Bi Mafunda, wakaketi kwa duara juu ya jamvi moja kubwa. Kila mmoja alikuja na mfarishi aliomaliza, akautandaza mbele ya wenzake wauguse, waugeuze, wausifu au wausute. Kila mmoja alikuja pia na okoto lake, yaani nguo aliyoipata mahali kwa kuomba, kwa kubadilishana au kwa bahati, akaitoa ili wenzake wagawane.

"Mwenzangu," mmoja angesema, "bandi zako mbona zimeruka kama panzi? Ulikuwa ukishona au ukifukuza kuku?"

"Nilikuwa nikishona, shoga. Panzi ni macho yako."

Wakacheka, na jamvi likatetemeka.

Lakini jamvi lilikuwa na sheria mbili, na kwa sheria hizo hapakuwa na mzaha.

Sheria ya kwanza ilikuwa kutaja. Aletaye okoto sharti amtaje aliyeivaa nguo ile na jinsi ilivyotoka mwilini mwake. Nguo isiyotajwa haishonwi. Na akishamtaja, wote waliitikia kwa sauti moja:

*Nguo imetajwa jina,*
*aliyeivaa jana,*
*leo twaishona tena,*
*mlango tumeachia.*

Na hiyo ndiyo sheria ya pili: mlango. Katika kila mfarishi, pembeni mwa miguu, paliachwa nafasi ya upana wa kidole bila kushonwa. Kwani watu wa Pachani waliamini kwamba nguo iliyovaliwa haiwi tupu. Huweka joto la mwenyewe, na harufu yake, na kitu kingine kisicho na jina. Kikiachiwa mlango, kitu hicho hutoka kwa wakati wake, taratibu, kama moshi wa chetezo, kikamwachia anayejifunika ule wema tu. Kisipoachiwa mlango, hakitoki.

Shingoni mwa Bi Mafunda ilining'inia kamba moja yenye vitu viwili: subana ya fedha, ile kofia ya kidole cha mshonaji, na mkasi mdogo mweusi. Subana ilikuwa heshima ya jamvi, huvaliwa na mkuu wake. Mkasi haukukata kitambaa wala uzi wa kawaida. Kazi yake ilikuwa moja: mlango uliofungwa kwa makosa ufunguliwe kwa mkasi huo na kwa mkono wa mkuu. Na kilichofungiwa ndani, kikitoka, kwanza humpitia aliyefungua. Bi Mafunda aliwahi kufungua mlango mmoja ujanani mwake. Tangu siku hiyo vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeupe, na baridi kama mtungi. Subana na mkasi havikutenganishwa. Mwenye subana ndiye mwenye mkasi.

Sasa sikilizeni.

Bi Mafunda alikuwa na binti, jina lake Hidaya, mshonaji wa jamvi. Hidaya alitumia mkono wa kushoto, na mishono yake yote ililalia kushoto, kama nyasi zilizopitiwa na upepo mmoja. Ungeitupa kazi yake katikati ya kazi mia, watu wa jamvi wangeitambua kwa kuipapasa. Homa ilimjia wakati wa kaskazi, ikamchukua. Akamwacha mtoto wa kike aitwaye Chiku, binti mdogo ambaye jina lake lilimfaa, maana aliongea tangu alfajiri hadi usingizini.

Siku mama yake alipozikwa, Chiku alinyamaza. Kisha akaanza kuwa baridi. Miguu kwanza, halafu magoti, halafu mikono. Walimketisha juani, walimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, walimsomea, wakamnywesha tangawizi. Joto lilipita juu ya ngozi yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Midomo yake ikawa rangi ya zambarau. Ilionekana wazi kwamba baridi ile ilikuwa ikipanda, na kwamba ikifika kifuani, Pachani utachimba kaburi dogo.

Bi Mafunda akawaita watu wa jamvi. Akaivua ile kamba, akaishika mbele yao.

"Wanangu," akasema, "mimi nimezeeka, na mjukuu wangu anakufa mikononi mwangu. Mshoneeni mfarishi. Atakayemrudishia Chiku joto lake, kamba hii ni yake."

Wanawake watatu waliinuka.

Wa kwanza ni Mize, mwokotaji hodari kuliko wote. Pachani walisema Mize angeweza kuokota kilemba kichwani mwa mtu naye akashukuru. Mize alitaka mfarishi wote uwe wa nguo za Hidaya. Lakini nguo za Hidaya zilikuwa zimekwisha kugawanywa sadaka, zimetawanyika nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji. Mize akatoka kuzifuata. Kwa kila nguo ya Hidaya alitoa nguo yake mwenyewe. Kanga kwa kanga, buibui kwa kanzu, akaenda hivyo hata yeye mwenyewe akarejea mjini amejifunga gunia, watoto wakimzomea njiani.

"Haya, zomeeni!" akawaambia. "Gunia hili nalo litakuwa mfarishi siku moja, nami nitawafunika nalo mkiwa vikongwe!"

Lakini alipozipanga nguo zile, katikati palibaki pengo la mraba, na hapakuwa tena na nguo ya Hidaya popote. Mize hakuwahi kuleta okoto pungufu maishani mwake. Akaenda kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, ambamo Hidaya alioshwa kabla ya kuzikwa. Juu ya boriti alikuta kipande cha bafta nyeupe kimekunjwa: salio la sanda, lililosahauliwa na waliokata. Salio la sanda huzikwa. Kila mtu anajua. Mize akalichukua. Na alipozitandaza nguo zote jamvini, alizitaja moja baada ya moja, kanga ya arusi, kanga ya uzazi, kikoi cha kulalia, na wote wakaitikia. Kile cheupe hakukitaja. Alikiweka chini ya vingine, akakohoa, akaendelea.

Wa pili ni Jokha, mwenye mkono bora kuliko wote. Macho ya Jokha yalikuwa yakififia. Alikuwa akiuona ulimwengu kama mtu aonaye kupitia chandarua, na aliambiwa kwamba akiendelea kushona, hicho kidogo kilichobaki kitakwisha. Akashona. Alishona na machozi yakimtiririka kwa uchovu wa macho, akipima kila mshono kwa ncha ya ulimi. Vidole vyake vilipofika kwenye kile kipande cheupe, vikasita. Kilikuwa kikavu, kigumu kwa wanga, hakijapata kuvaliwa, na ukingo wake ulikuwa umechanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi. Ni nguo moja tu ichanwayo hivyo. Jokha alijua. Lakini pale katikati, weupe ule ulikaa kama mwezi mpevu katika wingu, na Jokha alijua pia kwamba huu ndio mfarishi wa mwisho atakaouona. Akavuta pumzi, akapitisha sindano.

Wa tatu ni Raya, mke mwenza wa Hidaya. Mume wao alikuwa msafiri wa bara, haonekani ila kwa msimu. Wake wawili hawa walikaa nyumba moja kwa amani, mpaka siku moja Raya alipokikosa kipande chake cha hariri nyekundu, akamwita Hidaya mwizi mbele ya jamvi zima. Hidaya hakujibu. Baadaye Raya alikiona kipande chake chini ya sanduku lake mwenyewe. Akasema moyoni, kesho nitamwomba radhi. Akasema tena, kesho. Na kesho moja ikaja na homa.

Baada ya mazishi ni Raya aliyemlea Chiku, akampakata usiku na mchana, akamlisha kwa kijiko, akamlaza kifuani mwake hata yeye mwenyewe akawa anatetemeka. Jokha alipoumaliza mfarishi akaupeleka kwa Raya, nao ulikuwa na mlango wake pembeni kama ada. Raya akamfunika mtoto. Mara chumba kikanukia asumini na jasho la Hidaya. Chiku akafumbua macho. Lakini harufu ile ilikuwa ikipungua, ikitiririka kuelekea miguuni, ikitoka. Na kadiri ilivyotoka, ndivyo macho ya mtoto yalivyoanza kufumba.

Raya akachukua sindano, akaufunga mlango.

Joto likabaki. Chiku akajinyoosha, akapiga chafya, akasema neno lake la kwanza tangu mazishi: "Nina njaa."

Sikilizeni sasa mambo ya kamba.

Mwezi ulipoandama, jamvi lilijaa. Mfarishi ukatandazwa kati, na Chiku akaketi juu yake akila kashata na kuwasimulia wanawake habari za paka wa jirani. Ada ilitaka mkuu autazame mlango kwa kutia kidole chake chembamba ndani. Bi Mafunda akainama, akapeleka mkono pembeni mwa miguu. Kidole hakikupita. Akapapasa tena. Chini ya kiganja chake nguo ilikuwa vuguvugu, nayo ilipanda na kushuka, polepole, kama ubavu wa mtu aliyelala. Bi Mafunda aliujua ubavu ule. Alikuwa ameulalisha kando yake tangu ulipokuwa mdogo kuliko mkate.

Wote walikuwa wakimtazama.

"Mlango upo," akasema Bi Mafunda.

Ndipo watatu wale wakainuka kuidai kamba.

Mize akasema, "Ni mimi. Bila nguo, sindano ingeshona upepo. Nimetembea hata nyayo zimechanika. Nimerudi na gunia. Nipe kamba."

Jokha akasema, "Ni mimi. Nguo zikikaa sandukuni bila kushonwa ni matambara. Nimetoa macho yangu. Sikuoni, Bi Mafunda, ila kama kivuli mlangoni. Nipe kamba."

Raya akasema, "Ni mimi. Mfarishi ulioletwa haukuponya mtu mpaka ulipopita mikononi mwangu. Mwulizeni mtoto alifumbulia macho mikononi mwa nani. Nipe kamba."

"Mikononi mwako!" Mize akacheka. "Nawe ulifanya nini, ulifunika? Hata kawa hufunika chungu, wala hakuna aliyeipa mshahara."

"Kawa haijapakata mtoto baridi usiku kucha, Mize. Kaa na gunia lako."

Bi Mafunda akainua mkono. "Nitaamua mwezi ujao," akasema, na hakumtazama yeyote usoni.

Lakini mwezi ule haukwenda kama miezi mingine.

Kwanza Raya aliona mshono asioujua. Ulikuwa kwenye kona ya kanga ya arusi, bandi fupi, nadhifu, kwa uzi mweupe. Akadhani Jokha aliurudia. Kesho yake, jua lilipokuwa utosini na vivuli vya watu vimeingia chini ya nyayo zao, aliupapasa tena, na mishono ilikuwa imeongezeka. Ilivuka kanga ya arusi, ikaingia kanga ya uzazi. Mishono yote ililalia kushoto. Na matundu ya sindano yalikuwa yamebenuka kwa nje, kama yanavyobenuka matundu yaliyotobolewa kutoka upande wa pili.

Raya akamfunika mtoto tena. Kila adhuhuri alitazama, na kila adhuhuri mstari ulikuwa umesogea, ukishuka, ukielekea pembeni mwa miguu. Ukafika penye mlango. Ukakaa hapo siku nzima. Ukazunguka pale mahali alipofunga, ukazunguka tena, mduara juu ya mduara, mpaka nguo ikawa ngumu kama gome. Kisha mstari ukageuka. Ukaanza kupanda.

"Ma' mdogo," Chiku akamwambia, akijikunja ndani ya mfarishi, "mama anashona."

"Anashona nini, mwanangu?"

"Mwanzo alikuwa anatafuta mlango. Sasa anasema, kama hapana mlango wa yeye kutokea, atatengeneza wa mimi kuingilia."

Raya akamvutia mtoto kwake, na mkono wa Chiku haukuja. Ukingo wa mkono wa gauni lake ulikuwa umeshonwa kwenye mfarishi, kwa bandi fupi, nadhifu, zilizolalia kushoto. Raya akakata uzi kwa meno. Ukaungana. Akaukata kwa kisu. Ukaungana. Akataka kulikata gauni lenyewe, kisu kikateleza kama kimegonga jiwe. Akamnyanyua mtoto pamoja na mfarishi, akakimbia nao njia nzima mpaka ukumbini kwa Bi Mafunda, kichwa wazi, na jua likipanda.

Mwezi ulikuwa umeandama usiku uliotangulia. Watu wa jamvi walikuwa wamekwisha keti.

Raya akamweka Chiku katikati. Wote wakaona. Jokha, ambaye sasa hakuona tena kitu, alinyoosha mkono, akapapasa mistari ile, na uso wake ukabadilika.

"Huu si mkono wangu," akanong'ona. "Huu ni mkono wa Hidaya."

Hapo wale waliosema ni mimi, wakaanza kusema si mimi.

Mize akasema, "Si mimi. Ndiyo, nilileta salio la sanda, wala sikulitaja. Nakiri mbele yenu. Lakini okoto ni okoto tu. Lingelala sandukuni miaka mia bila kumdhuru mtu. Aliyelipitishia sindano huku vidole vyake vikijua, huyo ndiye."

Jokha akasema, "Si mimi. Ndiyo, nilijua, nikashona. Nakiri. Niliutaka weupe ule. Lakini niliacha mlango, upana wa kidole, kama nilivyofunzwa. Hidaya angetoka akaenda zake salama, sanda au si sanda. Aliyeufunga huyo ndiye."

Raya akasema, "Si mimi. Ndiyo, niliufunga. Nakiri. Lakini ningefanyaje, nimtazame mtoto akifumba macho? Na tena niliuleta hapa, kwenye jamvi, uchunguzwe. Kama kungekuwa na kosa, mkuu angelisema."

Wote wakamgeukia Bi Mafunda.

Bibi yule akaushika mkasi kifuani. Kisha akaivua kamba shingoni.

"Kidole changu hakikupita," akasema. "Nami nikasema mlango upo. Nilimsikia mwanangu akipumua, nikashindwa kumwachia aende mara ya pili. Basi mimi ni wa nne wenu. Wala mwenye kosa haamui shauri la wenye kosa. Wala vidole hivi" — akavionyesha vile viwili vyeupe — "haviwezi tena kufumba mkasi. Nimejaribu tangu alfajiri, maana nilijua siku hii itafika."

Akaiweka kamba juu ya jamvi. Subana ikang'aa, mkasi haukung'aa.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mmoja alijua kilichokuwamo ndani ya mfarishi ule: baridi yote ya kaburi, na baridi yote iliyotoka kwa Chiku, imekusanyika kama maji nyuma ya ukuta. Vidole viwili havingeitosha.

Jua likazidi kupanda. Mshono ukasogea. Waliuona, kwa macho yao, uzi mweupe ukizama na kuibuka pasi na sindano, ukifuata mkono wa gauni kuelekea kiganjani. Na Chiku akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila chini yake palikuwa na sauti nyingine, kama chini ya kanga pana shimizi:

*Jina mmelinyamaza,*
*mlango mmeukaza,*
*ndani giza lanimeza,*
*ni wapi nitapitia?*

Kisha mtoto akawatazama wanawake wakubwa wote wale, akasema kwa sauti yake peke yake, "Kama mnaogopa, nipeni mimi mkasi. Ni mama yangu. Hata ile baridi ilikuwa yangu."

Akaunyoosha ule mkono uliokuwa huru.

Hapo ndipo wale watatu walipoona haya, haya iliyowachoma kuliko kaa la moto. Na waliosema ni mimi, kisha wakasema si mimi, wakarudi wakasema ni mimi tena.

Mize akapiga magoti. "Usishike, mwanangu! Nipeni mimi. Mimi ndiye niliyemleta bila kumtaja. Mgeni huagwa na aliyemkaribisha. Nilikuwa nimezoea kuokota. Leo niokote baridi."

Jokha akatambaa akipapasa jamvi. "Nipeni mimi. Mkasi huu hauhitaji macho. Najua kila mshono wa mfarishi huo ulipo, nitakata pale penyewe bila kumgusa mtoto. Ninyi wengine mtakosea. Mnaikumbuka miduara ile? Uzi wa mlango umefichwa chini yake."

Raya akaushika mkono ulioshonwa, machozi yakidondokea bandi. "Nipeni mimi. Sikufunga mlango kwa ajili ya mtoto tu. Nilimfungia Hidaya ndani ili nimwombe radhi. Nimemwomba kila siku nikiwa nimeegemeza mdomo kwenye nguo. Hajanijibu. Nikimfungulia, atanipitia mimi kwanza. Acheni anipitie. Kama ni baridi, iwe baridi. Pengine ndilo jibu."

"Aa!" Mize akafoka. "Hata sasa wataka kufaidika?"

"Nawe wataka nini, sifa ya gunia?"

"Nyamazeni," akasema Jokha. "Jua."

Jua lilikuwa utosini. Vivuli vyote ukumbini vilikuwa vimetoweka, ila kimoja: pembeni mwa mfarishi, penye miduara ile, palikuwa na kivuli kidogo cha kichwa kilichoinama, kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo.

Bi Mafunda akaitazama mikono ile minne iliyonyooshwa juu ya kamba. Mkono wa Mize, uliochanika kwa kutembea na kuomba. Mkono wa Jokha, ulioona mpaka ulipopofuka. Mkono wa Raya, uliofunga na uliolea. Na mkono mdogo wa Chiku, ambao haukukosa chochote. Akaviona vidole vyake viwili vyeupe. Kisha akainua macho, akatutazama sisi.

Ndiyo, sisi. Maana kamba ile bado ipo juu ya jamvi, na mkuu hawezi kuhukumu, na kati ya uzi mweupe na ngozi ya mtoto pamebaki nafasi ya mshono mmoja.

Enyi mlioketi nami, msiharakishe, lakini pia msichelewe. Mkimchagua kwa wema aliotenda, kumbukeni subana haiji peke yake. Mkimchagua kwa kosa alilotenda, kumbukeni mkasi nao hauji peke yake. Mtakuwa mmemvika heshima. Aliyetaja nusu, aliyejua akanyamaza, aliyefunga kwa mapenzi na kwa haja yake, au yule asiye na deni ila ndiye pekee aliyenyoosha mkono kabla ya kuona haya.

Je, nani alistahili kuinua kamba ile?